Kosa Linapovuka Mpaka

Wengi wenu mlioanza kujifunza kuandika programu kwa lugha ya Python mmekwisha kuyaona yale maandishi mekundu yatokeayo kwenye kioo cha kompyuta jambo linapokwenda kombo. Mwanafunzi aandika mstari wa kufungua faili, akosea herufi moja katika jina lake, na mara Python yasimama na kumwambia kwamba faili hilo halipo. Wengine huyachukia maandishi hayo kama mtu achukiavyo kuamshwa alfajiri. Lakini ni vema tujue yametoka wapi, maana mengi hayakuzaliwa ndani ya Python hata kidogo. Yamezaliwa mahali pengine, katika lugha nyingine, yakiwa ni tarakimu tupu isiyo na jina, na ilimpasa mtu kukaa mpakani ayafasiri. Kazi ya mtu huyo ndiyo nitakayoieleza, kwa sababu ikifanywa ovyo twaweza kupoteza kazi ya muhula mzima bila kupata onyo hata moja.

Lugha mbili katika nyumba moja

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu iliyoandikwa kwa C hugeuzwa yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kuendeshwa, na kwa hiyo huenda mbio sana, na huweza kuigusa kumbukumbu ya kompyuta bila ya mtu wa kuizuia. Python ilitungwa na Mholanzi Guido van Rossum, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Yenyewe ni lugha ya namna iitwayo skripti: haigeuzwi moja kwa moja kuwa lugha ya mashine, bali husomwa na kutekelezwa na programu nyingine. Sasa hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nalo ni kwamba hiyo programu nyingine, inayoisoma Python na kuitekeleza, kwa kawaida imeandikwa kwa C. Kwa hiyo unapoandika kwa Python kwamba faili fulani lifunguliwe, anayekwenda kulifungua si Python. Ni kitendakazi cha C, ambacho nacho huomba ruhusa kwa mfumo wa kompyuta, kama vile Linux. Jibu likirudi, lapitia njia ile ile: kutoka mfumo hadi C, na kutoka C hadi Python.

Jibu likiwa jema hapana taabu. Taabu huanza jibu likiwa ni kosa, kwa kuwa lugha hizi mbili zina desturi tofauti kabisa za kutangaza makosa.

Desturi ya C ni ya ukimya. Kitendakazi kikishindwa, hurudisha namba fulani iliyokubaliwa kuwa ni alama ya kushindwa, mara nyingi -1, au kama kilitakiwa kurudisha anwani ya kitu katika kumbukumbu, hurudisha anwani tupu iitwayo NULL. Sababu ya kushindwa huandikwa pembeni, katika mahali paitwapo errno, nayo ni namba pia. Katika Linux namba 2 maana yake faili au folda uliyoitaka haipo. 13 maana yake huna ruhusa. 17 maana yake kitu unachotaka kukiumba kimekwisha kuwapo. 28 maana yake diski imejaa. C ikisha kuandika namba hiyo, imemaliza wajibu wake. Haipigi kelele, wala haikusimamishi. Asiyeuliza haambiwi, na programu huendelea na mstari unaofuata kana kwamba mambo yote ni salama.

Desturi ya Python ni kinyume chake. Wazee wetu walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na Python kosa likitokea hupiga mbiu. Waandikaji wa programu huiita eksepsheni, lakini mimi katika somo hili nitaiita mbiu, maana neno hilo laeleza jambo lenyewe vizuri. Mbiu ikipigwa, kazi yote iliyokuwa ikiendelea husimama. Kitendakazi kilichoita husikia, na kama hakina la kufanya, mbiu hupanda kwa kile kilichokiita hicho, hivyo hivyo mpaka apatikane mwenye kuipokea. Asipopatikana, programu nzima hufa na kuacha maandishi mekundu. Mbiu ina jina lake, kama FileNotFoundError au ValueError, na ina maelezo ya mahali ilipopigwa.

Basi tazameni tofauti. Katika C, ukizembea hutajua kwamba kosa limetokea. Katika Python, ukizembea programu itasimama. Si kwamba desturi moja ni ya kijinga na nyingine ya akili. C ilitakiwa kuwa nyepesi na ya haraka, na kwa waandikaji waangalifu desturi yake yafaa. Ila mtu anayeandika Python amezoea kwamba kukiwa kimya ni salama, na hilo ndilo linalomfanya awe hatarini pale kosa la C linapopita mpakani bila kufasiriwa.

Tuseme ofisi ya shule ina programu ya Python inayonakili alama za mitihani za wanafunzi wote kutoka kompyuta ya ofisi hadi diski ya akiba, na ikisha kunakili hufuta nakala ya zamani ili kupata nafasi. Kwa ajili ya haraka, kunakili hufanywa na kitendakazi kilichoandikwa kwa C. Siku moja diski ya akiba imejaa. Kitendakazi cha C charudisha -1, na errno yaandikwa 28. Ikiwa hakuna aliyeipokea hiyo -1 na kuigeuza kuwa mbiu, Python yaona kimya, yadhani ni salama, yaendelea na mstari unaofuata. Na mstari unaofuata ndio ule wa kufuta. Karani akirudi asubuhi hana alama za zamani wala mpya, na kwenye kioo hapana hata neno moja jekundu.

Mkalimani wa mpakani

Kati ya lugha hizi mbili huwekwa sehemu ya programu ambayo kazi yake ni kufasiri, nami naifananisha na mkalimani wa mahakamani. Shahidi asema kwa lugha yake, hakimu asikia kwa lugha nyingine, na haki ya mtu iko katika ulimi wa mkalimani. Mkalimani akinyamaza, ushahidi umepotea. Na akiwa kila maneno ya shahidi ayageuza kuwa "anasema kuna matatizo", hakimu ataamuaje?

Python ina kifaa kiitwacho ctypes, kilichoingizwa ndani yake tangu toleo 2.5 la mwaka 2006, ambacho chamwezesha mtu kuita vitendakazi vya C moja kwa moja. Ni kifaa kizuri kwa kujifunzia kwa sababu chenyewe hakikufasirii makosa haya. Chakuachia wewe uwe mkalimani. Kwenye mashine ya Linux andikeni hivi:

    import ctypes, os
    C = ctypes.CDLL(None, use_errno=True)
    C.rmdir(b"matokeo")
    print("Folda imefutwa")

Kitendakazi rmdir hufuta folda iliyo tupu. Hata kama hakuna folda iitwayo matokeo, programu hii itaandika kwa ujasiri kwamba folda imefutwa. Rmdir ilirudisha -1, nasi hatukuitazama. Sasa mpeni mkalimani:

    def kagua(jibu, kitendakazi, hoja):
        if jibu == -1:
            n = ctypes.get_errno()
            raise OSError(n, os.strerror(n), os.fsdecode(hoja[0]))
        return jibu

    C.rmdir.errcheck = kagua

Mstari wa mwisho waamuru kwamba kila mara rmdir ikiitwa, jibu lake lipitie kwanza mikononi mwa kagua. Jibu likiwa -1, kagua yaichukua namba ya errno, yatafuta maelezo yake kwa strerror, yaongeza jina la folda iliyohusika, na kupiga mbiu. Ukiiendesha tena, Python itasimama na kusema FileNotFoundError, na jina la folda litakuwa pale pale mwishoni mwa ujumbe. Jina hilo msilidharau. Kumwambia mtu "faili halipo" bila kumwambia ni faili gani ni kumpa nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo isiyomsaidia.

Labda mmeona kitu cha ajabu. Sisi tuliandika OSError, lakini iliyotoka ni FileNotFoundError. Hilo si kosa la uchapaji. Zamani Python ilikuwa na mbiu kadhaa zilizochanganyana kwa mambo ya mfumo, kama IOError na OSError, na mtu akitaka kujua kama faili halipo au ruhusa ndiyo iliyokosekana, ilimbidi aipokee mbiu kisha aichungulie namba iliyomo ndani. Tangu toleo 3.3, lililotoka mwaka 2012, majina hayo yaliunganishwa kuwa OSError moja, na chini yake yakawekwa majina mahususi. Ukiunda OSError yenye namba 2, Python yenyewe huigeuza kuwa FileNotFoundError. Ya namba 13 huwa PermissionError. Ya 17 huwa FileExistsError. Naona hayo yalikuwa maendeleo makubwa, maana mwandikaji sasa apokea kosa kwa jina lake kama tumwitavyo mtu, si kwa namba kama ya mfungwa. Lakini si kila namba imepewa jina. Ile 28, ya diski kujaa, haina jina lake peke yake mpaka leo. Hubaki OSError, na anayetaka kuitambua hana budi kuilinganisha na errno.ENOSPC.

Tena nimesema errno.ENOSPC kwa makusudi, sikusema 28. Namba hizi hazifanani katika mifumo yote. Kosa liitwalo EAGAIN, ambalo maana yake ni "jaribu tena baadaye", ni 11 katika Linux, lakini katika kompyuta za Apple ni 35. Anayeandika namba tupu katika programu yake amejifunga kwa mashine moja. Na mbaya zaidi ni yule anayetambua kosa kwa kusoma maneno ya ujumbe, akitafuta kama ndani yake mna neno fulani la Kiingereza. Ujumbe huo waweza kubadilika kwa kufuata lugha iliyowekwa katika mashine, na siku ukibadilika mtego wake hautanasa kitu.

Mitego

Errno ina tabia moja inayowakamata hata watu wazima waliobobea. Kitendakazi kikifaulu, kwa desturi hakirudi kuifuta namba ya kosa la zamani. Kwa hiyo huwezi kuitazama errno kwanza ili kujua kama pametokea kosa; utakuta namba ya kosa la juzi na kudhani ni la leo. Taratibu iliyo sahihi ni kulitazama kwanza jibu la kitendakazi, na kama laonyesha kushindwa ndipo uisome errno, tena papo hapo, kabla hujaita kitu kingine chochote. Ukifunga faili kwanza, au ukiandika ujumbe kwanza, vitendakazi hivyo navyo vyaweza kuibadili namba, na mkalimani atapeleka kosa la mtu mwingine. Ndiyo sababu katika mfano wetu niliandika use_errno=True. Bila ya maneno hayo, kati ya wakati rmdir inaporudi na wakati kagua inapouliza, Python yenyewe yaweza kuwa imefanya shughuli zake na kuivuruga errno. Kwa maneno hayo ctypes huiweka namba kando mara tu kitendakazi kinaporudi, na get_errno hutupa ile iliyowekwa.

Mtego wa pili ni namba -1 yenyewe. Ni alama ya kosa, sawa, lakini pia ni namba halali. Katika C kiko kitendakazi cha Python kiitwacho PyLong_AsLong, ambacho huichukua namba ya Python na kuigeuza iwe namba ya C. Ikishindikana, hurudisha -1. Sasa je, kama namba uliyompa ilikuwa ni -1? Itarudi -1 vile vile, na ni jibu sahihi! Mkalimani asiyefikiri atapiga mbiu kila mara mtu atumiapo hasi moja. Dawa yake ni kuuliza swali la pili: jibu likiwa -1, uite PyErr_Occurred ili kujua kama kweli kuna kosa lililoandikwa. Jibu likiwa namba nyingine yoyote, hapana haja ya kuuliza.

Hapo nimekwisha kuingia katika namna ya pili ya kuandika mkalimani, yaani kuandika kwa C yenyewe sehemu ya kuongezwa katika Python. Wenzangu walimu wa Kidato cha Tano watalieleza jambo hili kwa urefu. Mimi nataja kanuni yake kuu tu. Kitendakazi cha namna hiyo kikitaka kupiga mbiu hufanya mambo mawili, si moja: huandika kosa mahali Python inapopatazama, kwa mfano kwa kuita PyErr_SetString au PyErr_SetFromErrno, kisha hurudisha NULL. Hayo mawili ni lazima yaende pamoja. Ukirudisha NULL bila kuandika kosa, Python yajua kuna msiba lakini haijui aliyefariki ni nani, nayo hupiga mbiu ya SystemError ikilalamika kwamba kitendakazi kimerudisha NULL bila ya kuweka kosa. Ukiandika kosa kisha ukarudisha jibu zuri, nayo pia hulalamika vile vile. Mwanafunzi akiiona SystemError ya namna hii ajue kwamba kosa si la programu yake ya Python. Ni mkalimani aliyekosea kazi.

Na kabla ya kurudisha NULL, C yatakiwa kusafisha. Kumbukumbu iliyoombwa irudishwe, faili lililofunguliwa lifungwe. Python hujisafishia yenyewe, C haijisafishii. Wengi huandika vizuri njia ya kufaulu na kuisahau njia ya kushindwa, kwa kuwa hiyo hawaijaribu. Jaribuni njia zote mbili.

Mtego wa tatu watuhusu moja kwa moja sisi na ile diski yetu ya akiba. C inapoandika katika faili kwa fwrite, haipeleki kila kitu diskini hapo hapo. Hukikusanya kwanza katika kumbukumbu, kama dereva wa daladala angojaye abiria wajae ndipo aondoke. Kwa hiyo fwrite yaweza kusema kwamba imeandika alama zote, na isiwe imesema uwongo kwa namna yake, lakini alama ziko bado kituoni. Safari yenyewe huanza mkusanyo ukijaa, au faili linapofungwa kwa fclose, na hapo ndipo diski iliyojaa inapogunduliwa. Mkalimani aliyekagua fwrite na kuacha kukagua fclose amelinda mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi. Na kwa alama za mitihani za shule nzima mimi nisingetosheka hata na fclose, maana ikifaulu ni mfumo tu uliokubali kuzipokea. Kuna kitendakazi kiitwacho fsync kinachouamuru mfumo upeleke data diskini kabisa kabla ya kujibu, nacho pia hurudisha -1 kikishindwa. Huitwa kabla faili halijafungwa, mkusanyo wa C ukisha kumwagwa kwa fflush.

Je, kila kosa ni la kupigiwa mbiu?

Sivyo. Mkalimani mwema ajua pia la kunyamazia. Katika Linux programu inayosoma jambo polepole yaweza kukatizwa katikati na ishara kutoka nje, na hapo kitendakazi cha C hurudisha -1 na errno huwa EINTR. Hakuna kilichoharibika, ni kama mtu aliyekuwa akisoma barua mlango ukabishwa. Afunguapo mlango na kurudi, aendelea kusoma. Zamani Python iliigeuza EINTR kuwa mbiu, na waandikaji wengi waliona programu zao zikifa kwa jambo lisilo na maana. Tangu toleo 3.5 la mwaka 2015 Python hujirudia yenyewe kimya kimya, isipokuwa kama aliyeipokea ishara hiyo amepiga mbiu yake.

Lugha nyingine za skripti zimechagua vinginevyo. Lua, iliyotungwa Rio de Janeiro huko Brazili mwaka 1993, haipigi mbiu faili likikosekana. Kitendakazi chake io.open hurudisha vitu vitatu: neno nil, yaani hakuna, kisha ujumbe, kisha ile namba ya errno. Watungaji wake waliona kwamba faili kukosekana ni jambo la kila siku, na kwamba mwombaji apewe jibu mkononi. Mimi napendelea njia ya Python, kwa ajili ya yule karani wetu, lakini nakiri kwamba hoja yao si dhaifu.

Kuhusu C++, ambayo ni lugha jirani na C, nitasema machache. Hiyo ina mbiu zake yenyewe, na mtu angedhani kwamba mbiu kwa mbiu zitaelewana. Hazielewani. Mbiu ya C++ ikiachwa ivuke kuingia katika sehemu iliyoandikwa kwa C, hapana ahadi yoyote ya litakalotokea, na mara nyingi programu nzima hukatwa hapo hapo. Basi yapasa ipokelewe ikiwa bado upande wa C++, ifasiriwe, ndipo ivuke. Maktaba iitwayo pybind11 hukufanyia kazi hiyo: std::out_of_range huwa IndexError, std::invalid_argument huwa ValueError, na std::bad_alloc, yaani kumbukumbu haikupatikana, huwa MemoryError.

Liko kosa moja ambalo hakuna mkalimani awezaye kulifasiri. Programu ya C ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo huiua papo hapo. Hapo hapana -1, hapana errno, hapana mbiu. Python hufa pamoja na C kwa kuwa wote wawili wamo katika programu moja. Wako wanaojaribu kuinasa ishara ya mauaji hayo na kuigeuza kuwa mbiu ya kawaida, lakini hilo ni kuendelea kulala katika nyumba ambayo nguzo zake zimekwisha kuvunjika; hujui ni kumbukumbu ipi iliyoharibiwa kabla ya kufikia hapo, na huenda ni ile yenye alama. Kinachofaa ni kuacha programu ife na kuhakikisha kwamba inaacha wasia. Python tangu toleo 3.3 ina kifaa kiitwacho faulthandler, ambacho kikiwashwa huandika, kabla ya kifo, ni mstari upi wa Python uliokuwa ukiendeshwa.

Neno la karani

Mpaka sasa nimesema juu ya mkalimani mmoja tu, kati ya C na Python. Lakini yuko wa pili, kati ya Python na binadamu aliyeketi mbele ya kioo, na huyo ndiye wengi wetu tutakaombwa kumwandika. Karani hana haja ya kusoma OSError na namba 28. Mwambieni kwa Kiswahili kwamba diski ya akiba imejaa, kwamba alama hazikunakiliwa, na kwamba za zamani hazijafutwa. Hilo la tatu ndilo atakalolitaka zaidi kuliko yote, na ndilo ambalo programu nyingi husahau kulisema.

Ila mnapomfasiria karani msilitupe kosa la asili. Python yawapa njia ya kupiga mbiu mpya na kuifungamanisha na ile ya kwanza:

    try:
        nakili(alama, akiba)
    except OSError as kosa:
        raise KunakiliKumeshindwa("Alama hazikunakiliwa") from kosa
    futa(nakala_ya_zamani)

KunakiliKumeshindwa ni jina la mbiu mliyoitunga wenyewe, nanyi mtaipokea mahali pengine ili kumwonyesha karani ujumbe wake. Neno from hapo mwishoni ndilo linalohifadhi asili, ili fundi akija apate kuona ile 28 na jina la diski. Na tazameni mahali pa mstari wa kufuta: uko chini ya yote, nje ya try, ambapo hapafikiwi ila kunakili kumefaulu. Nimekwisha kuona programu ambazo mtu ameandika except OSError na chini yake pass, yaani "usijali", kwa kuwa alichoshwa na maandishi mekundu. Mtu huyo ameichukua Python, lugha yenye mbiu, akairudisha kwenye ukimya wa C, bila hata kumwachia mtu namba ya kuuliza.

Mazoezi

1. Kitendakazi cha C husoma kipimajoto kilichowekwa karibu na kilele cha Kilimanjaro na kurudisha nyuzi za Selsiasi kwa namba nzima. Kikishindwa kusoma hurudisha -1. Eleza kwa nini mkalimani hawezi kukitegemea, kisha ukiandike upya namna kitakavyorudisha majibu yake.

2. Katika kagua, mwanafunzi ameweka print("kosa limetokea") juu ya mstari wenye get_errno. Kwa kuwa tumetumia use_errno=True, je, namba itabadilika? Na kama angekuwa anaandika kwa C na kutumia printf kabla ya kuisoma errno?

3. Chukua programu ya kunakili alama iliyo hapo juu na uweke pass mahali pa raise. Andika, mstari kwa mstari, litakalotokea siku diski ya akiba ikijaa.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa kompyuta kabla ya wiki ya mitihani. La tatu lijibiwe kwa sentensi kamili.